Kitunga cha Mama Mwamini

Faida, binti wa Mama Mwamini, alinipigia simu asubuhi, nikiwa ninafagia mbele ya sekretaria, duka letu la kuandikia watu barua. Hakuanza na habari yenyewe. Aliniuliza kama niliamka vizuri, kisha kama mvua imeshafika Kasongo, kisha kama nimekunywa chai, na tulipofika kwenye chai nilikuwa nimeshaacha kufagia, maana kwetu mtu anayekuzungusha hivyo ana kitu kizito mkononi na anatafuta mahali pa kukitua. "Mama mukubwa Esta ametuacha," alisema mwishoni. "Tuko tunaketi kilio hapa Wamaza. Mama anasema weye ukuje. Na anasema ukuje na mashini." Nikamuuliza mashini ya nini kwenye kilio. "Mi najua?" alijibu, na hata katika huzuni ile nikasikia kile kicheko kidogo alichorithi kwa mama yake. "Niliuliza, akaniambia: weye umwambie tu Feruzi. Feruzi anajua." Nikabaki nimeshika ufagio. Ndiyo, nilijua. Wimbo mmoja ulikuwa umebaki.

Mimi bado ni kijana na sina haki ya kusema "zamani zile" kama wazee wanavyosema, wakivuta maneno. Lakini kuna mwaka mmoja ambao kila nikiufikiria ninajikuta ninausema kwa sauti hiyo hiyo, kama mtu aliyezeeka ghafla. Nilikuwa nimeacha masomo katika mwaka wa nne wa sekondari, na Papa Assani, mwenye sekretaria, alinichukua nikae kwenye mashini ya mbele, ndiyo kompyuta, niandikie watu barua zao na maombi yao ya kazi na kuwapigia fotokopi. Chumba cha nyuma kilikuwa cha Mama Mwamini. Kilikuwa chumba cha matofali ya udongo chenye dirisha moja linalotazama ua wa jirani, meza iliyotiwa kitambaa cha plastiki chenye maua, kikombe cha chai ya tangawizi kilichofunikwa kwa kisahani ili nzi wasiogelee, na kompyuta ya mkononi iliyokuwa imepoteza herufi zake kwenye vibonye kwa sababu ya miaka ya vidole. Mama hakuzihitaji herufi hizo. Alijifunza kupiga taipu kwa masista akiwa msichana, na vidole vyake vyote kumi vilijua njia ya nyumbani. Mvua ilipopiga mabati ulikuwa huwezi kumsikia mteja anataka nini, lakini mtu ukiweka mkono kwenye meza ya Mama ulihisi anaendelea kuandika.

Saa ya mchana, Papa Assani alipokwenda kula kwake, Mama Mwamini alifungua kitunga alicholetewa na Faida, tukala bugali na sombe ya majani ya muhogo, siku nyingine samaki wa Nyangwe mwenye mafuta ya mawese mpaka viwiko, kisha akanawa mikono vizuri, akakausha kidole kimoja kimoja, na kuanza kazi yake mwenyewe. Aliandika nyimbo. Nyimbo za kutwanga, za kubembeleza mtoto, za kupalilia, za kumsindikiza bibi arusi, zote katika Kibangubangu, kama mama yake alivyoziimba kule Wamaza. "Wajukuu wangu wako Bukavu, wako Lubumbashi," aliniambia. "Wanaimba nyimbo za simu. Siyo kosa yao. Nani aliwapa ingine?" Hakutumia ile programu tuliyoandikia barua za wateja. Aliichukia. "Ile inanipigia mistari nyekundu chini ya kila neno," alisema. "Inataka kusema luga ya mama yangu ni kosa tangu mwanzo mpaka mwisho!" Kwa hiyo alitumia programu nyingine, nyepesi, ukurasa mweusi na maandishi meupe, ambayo fundi mmoja aliiacha humo na ambayo haikuwa na maoni yoyote juu ya lugha ya mtu.

Tatizo lilikuwa macho. Daktari aliyepita alimwambia ni presha ya jicho, na kwamba kilichokwisha kuondoka hakirudi. Giza halikumjia mbele. Lilimjia kutoka kandokando. "Nyumba yangu inafunga milango ya pembeni," alisema, bila kulalamika, kama mtu anayekueleza mahali pa kupitia. "Mulango wa mbele unabakia wazi kidogo. Nataka nimalize nyimbo kabla haujafunga." Nilikuwa sijawahi kusikia mtu anataja kupofuka kwa sauti ya kutaja bei ya chumvi. Niligeuza uso wangu nikajifanya ninatazama kuku wa jirani.

Siku moja alikuwa ameandika wimbo wa kutwanga, ule mrefu unaopanda na kushuka na mchi, na mashini ikazimika mbele yake. Kila kitu kikaenda. Mashini ilikuwa imemwonya; programu ile ilikuwa na desturi ya kuchomoza kijidirisha kidogo kwenye kona ya chini ya kioo kila ilipokuwa na jambo la kusema: kazi imehifadhiwa, betri inakwisha, kuna kitu kimeharibika. Lakini kona ndiyo mahali ambapo macho ya Mama hayakufika tena, na maneno yenyewe yalikuwa ya Kifaransa, madogo kama mchwa, na kando ya kila ujumbe, uwe wa heri au wa shari, palikaa kapicha kalekale ka duara la bluu. Alikaa mikono mapajani. "Mashini hii ni kama ule mutoto wa shemeji yangu," alisema. "Nyumba inaungua, anakuja kukunong'oneza mulangoni, na sura ileile ya kukuomba maji."

Sikulala vizuri kwa sababu ya maneno hayo, na kesho yake nikaanza kuchimba kwenye mipangilio ya programu. Kifaransa changu ni cha mtu aliyetoka shule kabla ya mlo kuiva, lakini nilikuwa na subira. Niligundua kwamba kila aina ya ujumbe ina mstari wake, na mwishoni mwa mstari unaweza kuandika picha yako inakaa wapi ndani ya mashini, na programu itaichukua hiyo badala ya duara la bluu. Nilimpelekea Mama habari hii kama mtu aliyeokota almasi. "Mama, unaweza kuchagua mwenyewe! Picha yoyote!" Aliacha chai yake. "Yoyote?" "Yoyote." Akafikiri, na uso wake ukawa wa msichana. "Basi kazi ikiwekwa salama, nataka kuona kitunga kimefunikwa. Siyo wazi. Kimefunikwa, na mufuniko yake. Hapo moyo unatulia." Na betri ikikaribia kwisha? "Chungu kwenye moto, kinapanda povu. Mwanamuke yeyote akiona ile anainuka, hata awe anazungumuza na mukwe." Na kukiwa na kosa? Hapo hakufikiri hata kidogo. "Mbuzi ndani ya shamba."

Nilizichora mwenyewe kwa ile programu ya kuchorea, nukta kwa nukta, ulimi nje kama mtoto. Kitunga kilitoka vizuri mara ya kwanza. Chungu kilikubali. Mbuzi alinishinda. Nilimleta kwa Mama, akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. "Feruzi," alisema, "hii ni mbuzi ao ni meza?" "Ni mbuzi, Mama." "Iko na sahani juu." "Ni pembe!" Alicheka mpaka Papa Assani akaja kuuliza ni nani anayechekwa, na alipoonyeshwa, naye akatoa maoni kwamba mbuzi wa Kabambare wana ndevu. Nikamtia ndevu. Kisha nikaweka picha zote kwenye kabati moja la ndani ya mashini nililoliita Picha za Mama, nikaandika njia yake kwenye mistari, nikaita watu wote, na duara la bluu likachomoza vilevile, bila haya. Ilinichukua muda kujua kwamba programu ilikuwa inasoma njia yangu mpaka kwenye nafasi ya kwanza kati ya maneno na kusimama pale, kama pikipiki mbele ya daraja lililovunjika. Nikaunganisha maneno yote yakawa neno moja. Mama akahifadhi wimbo. Na kwenye kona, kidogo lakini chake, kikatokea kitunga chenye mfuniko.

Sijui nieleze vipi furaha ya chumba kile. Aligusa kioo kwa kidole. "Kimefunikwa," alisema, akavuta pumzi ndefu. Tangu siku hiyo kila alipohifadhi alisema neno hilo, na kila alipotokea mbuzi alimfukuza kwa sauti, "Toka! Shaa! Toka mu muhogo yangu!", na wateja waliokaa benchini nje ya ofisi, au biro kama tunavyoiita, walitazamana. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Ule mama anafuga mbuzi ndani ya biro." "Ya Assani?" "Ya nani ingine? Na wewe unakuja kuandikisha barua yako hapa." Mimi nilikuwa ninaota mchana kweupe. Niliota siku moja kompyuta zote za Maniema zitaongea na watu kwa vitu wanavyovijua. Pale mashini inapoweka pipa la takataka, iweke shimo la nyuma ya nyumba, na badala ya ile saa ya mchanga ambayo hakuna mtu wa kwetu amewahi kuigeuza, iweke mama anayesubiri wali uive. Nilimweleza Mama ndoto hizo wakati wa kula, na hakunicheka hata mara moja. Alisema tu, "Anza na mbuzi. Huyu bado ana miguu ya meza."

Lakini mwaka ulikwenda, na picha zilikua. Hivyo ndivyo ninavyoukumbuka mwaka ule, kwa ukubwa wa picha. Mwanzoni kitunga kilikuwa sawa na punje ya hindi. Kufikia mavuno ya mpunga Mama alikuwa anageuza shingo yote kukitafuta, nikakifanya sawa na kifungo cha shati. Kisha nikakitoa kwenye kona, nikakisogeza juu katikati, pale ambapo mlango wa mbele ulikuwa bado wazi. Kisha kikawa sawa na kiganja changu. Kila mara niliifanya kazi hiyo yeye akiwa hayupo, na hakuna hata siku moja aliyoniuliza, na hakuna siku niliyomwambia. Tulifanya kama vitunga vya dunia hii vina tabia ya kukua vyenyewe. Ukurasa wa nyimbo ulikuwa umekuwa mrefu. Siku moja, karanga za kukaanga kati yetu, nilimuuliza zimebaki ngapi. "Moja," alisema. "Wimbo ya kilio. Mama yangu alituachia shiye wawili tu, mimi na yaya Esta, dada yangu mukubwa. Mumoja anauliza, mwingine anajibu." Nikafungua ukurasa kwa furaha ya kijinga. "Basi tuandike leo, tumalize!" Akaweka mkono wake juu ya mkono wangu. Ulikuwa na chumvi ya karanga. "Feruzi, hakuna mutu amekufa hapa," alisema. "Wimbo ile haiimbwe, haisomwe, haitajwe, kama hakuna kilio. Ukiimba bure, unaita. Sasa unataka nimwite nani? Faida? Weye?" Nikafunga ukurasa. Hata leo ninaona haikuwa hofu iliyokuwa usoni mwake. Ilikuwa adabu.

Muda mfupi baadaye alivunja kikombe chake cha chai kwa kukiweka hewani badala ya mezani, tukaokota vipande, na juma lililofuata Faida alikuja kumchukua wahamie Wamaza, kwa dada yake Esta. Papa Assani aliniachia mimi mashini ya nyuma. Mama alipanda pikipiki akiwa amekaa wima, kitenge kipya, mkoba mapajani. "Uchunge mbuzi," aliniambia. Nimekaa kwenye chumba kile tangu hapo, barua ninaziandika kwa programu yake ile nyeusi, na sijaondoa picha zake wala kuzipunguza. Wateja huuliza kwa nini mashini yangu inatoa kitunga kikubwa hivyo katikati ya barua zao. Huwaambia kiko hivyo tangu zamani. Na kila kinapochomoza, huwa ninasubiri kidogo, kama mjinga, kusikia mtu aliye nyuma yangu akivuta pumzi.

Kwa hiyo nilijaza betri mpaka mwisho, nikafunga mashini kwenye plastiki na kitenge, nikaibeba kifuani kama mtoto mgonjwa, na dereva wa pikipiki akanirusha kwenye madimbwi yote ya njia ya Wamaza bila kubagua hata moja. Majani ya michikichi yalikuwa yamefungwa kwenye mlango wa ua. Wanawake walikaa juu ya mikeka, wanaume kwenye mabenchi chini ya turubai, na nyuma ya nyumba chungu kikubwa kilikuwa motoni. Faida alinishika mkono akanipeleka. Mama Mwamini alipapasa uso wangu wote, polepole, kuanzia juu. "Ndevu," alisema. "Kama mbuzi yetu." Kisha akanionyesha mahali pa kukaa, na siku ile hakusema tena juu ya mashini. Nilikula bugali ya kilio na watu nisiowajua. Nyuma yangu bibi mmoja alimuuliza mwenzake, "Ule kijana anakumbatia nini vile? Ni daktari?" "Aa! Daktari gani anakula vile?"

Asubuhi iliyofuata aliniita. "Kesho tunaondoa kilio," alisema. "Wimbo inafunga tena. Leo ndiyo leo." Nikakaa mkekani kando yake na kufungua mashini, na papo hapo mzee mmoja, shemeji yake, mume wa marehemu, akainuka kwenye benchi. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mwamini, kilio si biro," alisema. "Watu wanalia, weye unaleta mashini." Mama akageuza uso kuelekea sauti ile. "Shemeji," alisema, "hii wimbo tulikuwa wawili. Ule mwingine tumemuzika. Ukitaka nami niende nayo, sema hapa, watu wasikie, na huyu mutoto atafunga mashini yake arudi Kasongo." Mzee akabeba kigoda kimoja, akaja, akakaa karibu nasi. "Esta alikuwa anaimba ile ya kujibu," alisema. "Nilikuwa namusikia."

Mama akaimba. Mstari mmoja, akanyamaza, nikaandika. Mwingine, akanyamaza, nikaandika. Kibangubangu changu ni cha kuokota, lakini vidole vyangu vilikuwa vimekula naye mwaka mzima. Anayeuliza humuuliza aliyekwenda: umepita njia gani, mbona nyasi hazikulala? Anayejibu hujibu: nimepita ile tuliyochotea maji, nyayo zangu ziko ndani ya zako. Alipofika kwenye majibu sauti yake ilijaribu kuwa ya dada yake, ya chini zaidi, na wanawake kwenye mikeka wakaacha kila walichokuwa wanafanya. Tulikuwa tumebakiwa na sehemu ya mwisho chungu kilipotokea katikati ya kioo, kikubwa, kinatoa povu. Betri ile ya uzee haikuipenda safari. Niliongeza tu mwendo, na Mama akasikia vibonye. "Chungu kiko motoni?" "Kiko, Mama." "Kimepanda?" "Kimepanda." "Usikimbie," alisema. "Hii wimbo haikimbizwe." Na akaimba mstari wa mwisho wa kuuliza vilevile, bila haraka, kisha akafungua kinywa kwa ajili ya jibu, na jibu halikutoka. Alijaribu tena. Mkono wake ukawa unapapasa mkeka upande wake wa kushoto, mahali ambapo, nadhani, dada yake alizoea kukaa. Ilikuwa ni shemeji aliyelisema. Hakuimba, alilisema, kwa sauti ya mtu aliyelisikia kutoka chumba cha pili kwa maisha yake yote. Nikaandika maneno yake. Nikahifadhi.

"Umeona nini?" aliuliza Mama Mwamini.

"Kitunga, Mama."

"Kimefunikwa?"

"Kimefunikwa."

Akavuta pumzi ile. Kioo kikazimika mapajani mwangu. Alifungua kitenge kichwani, akakitandaza juu ya magoti, na akasema kwa upole, kama mtu aliyemaliza kuosha vyombo, "Basi. Sasa muniache nimulilie Esta."